Fomu ya Mganga Haisemi Unachohitaji

Mitundu ni kata ya misitu ya miombo kusini mwa mji wa Itigi, mkoani Singida, kwenye njia ya kuelekea Rungwa na hatimaye Mbeya. Watu wake wanalima, wanafuga, wanarina asali. Binti wa huko akimaliza kidato cha sita na matokeo yakamfungulia njia ya chuo kikuu, kazi ya kwanza ni makaratasi: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, fomu ya mkopo ipate saini ya serikali ya kijiji, mdhamini atafutwe. Tuseme binti huyo ana ualbino na haoni mbali. Basi ana karatasi moja zaidi ambayo wenzake hawaijui. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inataka ulemavu wa mwombaji uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, na mganga huyo hakai Mitundu. Itabidi apande gari mapema kwenda Itigi, asubiri kwenye benchi, na kama daktari yuko kikaoni arudi siku nyingine.

Hatimaye anarudi nyumbani na fomu iliyogongwa mhuri. Maneno yake ni machache: ualbino, uoni hafifu, macho yote mawili. Yote ni kweli, na yatamfaa, kwa sababu waombaji wenye ulemavu wamo katika makundi ambayo Bodi huyapa kipaumbele. Lakini siku atakapokaa katika ukumbi wenye wanafunzi mia tatu, mhadhiri akiwa ameupa ukumbi mgongo na chaki inakimbia, fomu ile haitakuwa na la kumwambia mtu. Inaeleza macho yake. Kuhusu ubao haisemi kitu.

Naamini sehemu kubwa ya mahangaiko ya wanafunzi wenye ulemavu vyuoni kwetu inaanzia kwenye pengo hilo. Tumezoea kuthibitisha ulemavu, hatujazoea kuandika hitaji. Sheria yetu wenyewe inatutangulia katika jambo hili. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, haiufafanui ulemavu kwa kutaja viungo vya mwili. Inasema ni kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii kwa usawa na wengine, kutokana na sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Sera ya Taifa kuhusu watu wenye ulemavu, ya mwaka 2004, ilikuwa imeshasema hivyohivyo. Kwa kipimo hicho, uoni hafifu wa binti wa Mitundu unageuka ulemavu pale slaidi zinapoonyeshwa ukutani kwa herufi ndogo bila yeye kupewa nakala. Akipewa nakala usiku uliotangulia, akaisoma kwenye simu kwa kuikuza, macho yake ni yaleyale na kipindi kinamwendea vizuri.

Ili kuelewa kwa nini wanafunzi wengi hufika chuoni bila kujua namna ya kudai kitu cha namna hiyo, tutazame walikotoka. Mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu wa mkoa wa Singida huenda amesoma shule ya Ikungi Mchanganyiko, au akavuka mpaka wa mkoa kwenda shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, iliyoanza mwaka 1950. Kiziwi anaweza kupelekwa Tabora, ambako shule ya viziwi ilifunguliwa mwaka 1963. Katika shule za aina hii kila kitu kinaamuliwa juu ya kichwa cha mtoto, na mara nyingi kwa nia njema. Mwalimu anajua nani anatumia nukta nundu. Matroni anajua nani asikae juani. Ukifika wakati wa mtihani wa Taifa, mkuu wa shule ndiye anayepeleka taarifa kwa Baraza la Mitihani, na Baraza linaleta karatasi za nukta nundu kwa wasioona na zilizokuzwa maandishi kwa wenye uoni hafifu. Muda nao unaongezwa: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtihani wa saa tatu wa Historia unakuwa wa saa tatu na nusu, na mtahiniwa hakuandika barua hata moja.

Kisha anafika chuoni, na ule mkono uliokuwa ukimwandikia haupo. Faili lake la shule limebaki shuleni. Taarifa za Baraza la Mitihani haziendi kwa mkuu wa idara. Kile alichokijaza kwenye fomu ya Bodi ya Mikopo kinahusu fedha, na mhadhiri wa Takwimu hatakiona kamwe. Fomu ya kujiunga inaweza kuwa na kisanduku cha kuuliza kama una ulemavu; anaweka tiki, anasubiri kuitwa, na wiki zinapita. Ukiwauliza wahadhiri, wengi watakwambia kwa moyo mweupe kwamba hawakujua. Ukimuuliza mwanafunzi, atakwambia alishasema, kwani si aliweka tiki?

Wenzetu wa nchi nyingine wamelishika jambo hili kwa mikono tofauti. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1973 iliyokataza ubaguzi katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, na ile ya mwaka 1990 iliyofika hata sehemu za binafsi, vyuo vina wajibu wa kufanya marekebisho, lakini mwanafunzi ndiye anayetakiwa kujitokeza, kuleta ushahidi na kutaja anachotaka. Anayenyamaza hapati. Hapa jirani, Uganda ilianzia mlangoni: kila mwaka nafasi 64 za udhamini wa serikali katika vyuo vikuu vya umma hutengwa kwa wanafunzi wenye ulemavu. Ni hatua ya kuheshimiwa, ingawa kuingia darasani na kulifuata somo ni mambo mawili. Sisi tumechukua kidogo huku na kidogo kule. Mlango tumeufungua kwa kipaumbele cha mkopo, na ndani tumemwachia mwanafunzi ajieleze mwenyewe bila mtu wa kumfundisha kujieleza.

Nitasimama hapa kidogo kwenye barua, kwa sababu ndicho chombo alichonacho mkononi kabla hajapata kingine chochote. Barua ya kawaida ya mwanafunzi wetu kwa Mshauri wa Wanafunzi inakwenda hivi: YAH: OMBI LA MSAADA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye ulemavu wa macho. Naomba ofisi yako inisaidie kwa namna itakavyoweza. Natanguliza shukrani.

Aliyefundwa adabu nyumbani ndivyo anavyoandika, na sitaki kumkosoa kwa adabu yake. Ila mtazame afisa anayeipokea. Anaombwa afanye nini? Barua haimpi kitu cha kufanya saa nne asubuhi siku ya Jumatatu, kwa hiyo anaandika pembeni “tuzungumze”, na inaingia kwenye faili. Sasa tuiandike upya. YAH: MAHITAJI YANGU YA KUJIFUNZIA NA KUFANYIA MITIHANI. Nina uoni hafifu unaotokana na ualbino. Uthibitisho wa mganga nimeuambatisha. Nikikaa mstari wa mbele nasoma ubao kwa shida, nikikaa wa tatu siuoni. Karatasi yenye herufi za kawaida naisoma nikiwa nimeisogeza karibu na uso, na nachelewa sana kuliko wenzangu. Katika mtihani wa Taifa wa kidato cha sita nilipewa karatasi iliyokuzwa na muda wa nyongeza. Nahitaji mambo manne: slaidi na vitini kabla ya kipindi, ruhusa ya kupiga picha ubao kwa simu, karatasi za majaribio na mitihani zenye herufi za ukubwa wa pointi 18 pamoja na muda wa nyongeza, na kuvaa kofia ndani ya chumba cha mtihani kwa sababu ya mwanga. Naambatisha orodha ya masomo yangu ya muhula huu na majina ya wahadhiri. Nakala: Mkuu wa Idara, Ofisi ya Mitihani.

Barua hii ni ndefu kwa mistari michache tu, na kila sentensi ina mtu wa kuitekeleza. Wa kuchapa herufi kubwa anajulikana, msimamizi wa mtihani anajulikana. Ile nakala ya chini ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu barua yenye nakala mbili haipotei kirahisi. Aombe pia wampigie mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, aitunze na vyeti. Zaidi ya yote, barua inataja alichopewa na Baraza. Hoja hiyo inafunga mjadala mrefu, maana chuo kilichomdahili kwa matokeo ya mtihani wenye herufi kubwa na dakika za nyongeza kitapata tabu kusema kwamba masharti hayohayo yanaharibu mtihani.

Maana lawama ya upendeleo haikosi. Itatoka kwa mhadhiri, na mara nyingine kwa mwanafunzi mwenzake aliyepata sapu na mwenzie akafaulu kwa “dakika za bure”. Tuijibu kwa kutazama kazi yenyewe. Chukua mwanafunzi asiyeona anayejibu mtihani kwa mashine ya nukta nundu ya Perkins. Ina vitufe sita vya nukta, kimoja kwa kila nukta, pamoja na kitufe cha nafasi katikati. Herufi moja inaweza kudai vidole vitatu au vinne vibonyeze kwa pamoja. Karatasi yake ni nene, na ukurasa wake unabeba maneno machache kuliko wa kalamu. Mashine yenyewe ina uzito unaokaribia kilo tano, na inapiga kelele kila inapobonyezwa, ndiyo maana mtumiaji wake hupelekwa chumba cha peke yake. Akitaka kurudia aya aliyoiandika mwanzoni hawezi kutupa jicho juu; anaitafuta kwa ncha za vidole, mstari baada ya mstari. Swali la mchoro linahitaji mchoro wa kugusika, ama lisomwe kwa maelezo. Dakika 30 za nyongeza juu ya saa tatu hazimpi chochote ambacho mwenzake hana. Tena kwa hesabu ya mashine hiyo nadhani bado ni chache.

Kwa kiziwi mambo ni mazito zaidi, na ndiko ninakoona vyuo vyetu vimechelewa kuliko kwingine. Njia ya mteremko ya kitimwendo inaweza kujengwa mara moja na ikadumu miaka ishirini. Mkalimani wa lugha ya alama anahitajika kila kipindi, kila semina, kila kikao cha kazi ya kikundi chini ya mti. Mkalimani mmoja hawezi kutafsiri mihadhara ya saa mbili mfululizo kwa ubora uleule. Wanaofanya kazi hii hupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa hiyo hitaji halisi ni watu wawili. Halafu kuna istilahi. Mhadhiri wa Uchumi akitaja mnyumbuko wa mahitaji, mkalimani ambaye hakusoma Uchumi atatahajia neno kwa vidole, herufi kwa herufi, na wakati huo mhadhiri ameshavuka sentensi mbili. Ndiyo sababu barua ya mwanafunzi kiziwi inapaswa kuomba vitini viende kwa mkalimani pia, siku chache kabla. Tukumbuke vilevile kwamba Kiingereza cha kitabuni huenda ni lugha yake ya nne, baada ya ishara za nyumbani, Lugha ya Alama ya Tanzania na Kiswahili cha kusoma. Anaposahihishiwa insha, kosa la sarufi lisihesabiwe kuwa ni kosa la kufikiri.

Kuhusu vitabu, kikwazo cha haki miliki ambacho maktaba zilikuwa zikikitaja kimelegezwa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, umejengwa juu ya wazo kwamba kitabu kinaweza kugeuzwa kuwa cha nukta nundu, cha sauti au cha herufi kubwa kwa ajili ya asiyeweza kusoma chapa ya kawaida bila kumwomba mwandishi ruhusa. Mwanafunzi anaweza kuutaja mkataba huo kwa jina mbele ya mkutubi.

Wanaotumia kitimwendo au magongo wana shida inayoonekana kwa macho, na bado inasahaulika kwenye ratiba. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na ambacho ni jirani wa karibu kwa mtu wa Singida, kimetawanyika juu ya vilima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wenyeji wanakiita Mlimani, na jina halidanganyi. Kujenga lifti ni suala la bajeti. Kuhamisha semina kutoka ghorofa ya tatu kwenda ya chini ni suala la mtu mmoja anayepanga ratiba, naye anaweza kulimaliza leo kama ameambiwa kabla ratiba haijabandikwa. Ndiyo maana barua hii isisubiri wiki ya kwanza ya masomo. Iende mara tu jina linapotoka kwenye orodha ya waliochaguliwa, hata kama itaandikwa Mitundu na kupigwa picha kwa simu.

Bado kuna kundi lisiloandika kabisa. Mwenye kifafa, mwenye siko seli anayelazwa katikati ya muhula, mwenye sonona, na yule ambaye herufi zinamchanganya tangu darasa la pili na kila mwalimu akamwita mvivu. Hawa wana ulemavu kwa maana ileile ya sheria ya 2010, ila hawana alama ya kuonyesha, na wengi wameshajifunza kwamba kusema ni hatari. Mwenye kifafa anajua chumba cha bweni kitakavyobadilika siku wenzake wakisikia. Kwake barua ya mahitaji inaweza kuandikwa bila kutaja ugonjwa kwa kila anayeipokea: uthibitisho wa mganga ubaki kwa Mshauri wa Wanafunzi peke yake, na mhadhiri apate mstari mmoja tu kwamba mwanafunzi huyu ameruhusiwa kufanya jaribio siku nyingine akipatwa na dharura ya kiafya. Vyuo vikizoea utaratibu huu wa barua mbili, naamini wengi wanaodisko kimyakimya watajitokeza.

Lugha yenyewe imebeba sehemu ya aibu hii. Tangu zamani Kiswahili kimewapa kipofu, kiziwi na kilema kiambishi cha KI-VI, kilekile cha kiti na kisu. Vyama vya watu wenye ulemavu vimefanya kazi kubwa kutuhamisha kwenda kwa mtu asiyeona, mtu mwenye ualbino, mtu mwenye ulemavu. Viziwi wamefanya uamuzi wao na kubaki na jina lao kwa fahari, ndiyo maana chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania. Lakini neno ambalo mimi ningependa tulitazame tena ni ombi. Mtu mwenye ulemavu amekuwa akiitwa mwombaji tangu alipozaliwa. Kwenye stendi, kwenye mlango wa msikiti na wa kanisa, macho ya watu yanamtarajia aombe. Akifika chuoni anaambiwa aandike ombi tena. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema kumnyima mtu marekebisho yanayofaa na yasiyo mzigo uliopita kiasi ni aina ya ubaguzi, na unavitaja vyuo kwa jina la elimu ya juu. Kitu ambacho kukinyimwa ni ubaguzi hakiombwi kwa magoti. Kinatolewa taarifa. Ndiyo maana kichwa cha barua yetu kimeacha kusema OMBI LA MSAADA.

Na kama barua haikujibiwa? Wiki mbili zikipita, aandike barua ya kukumbusha inayotaja tarehe ya barua ya kwanza. Zikipita nyingine, aende ngazi ya juu yake akiwa na nakala zote mbili. Serikali ya wanafunzi mara nyingi ina mtu wa kuwasemea wenye mahitaji maalumu. Nje ya chuo kuna SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma. Sijui mzazi wa Mitundu ambaye angependa mwanawe agombane na chuo kilichomkubali, na hofu hiyo naielewa. Lakini malalamiko yaliyoandikwa kwa tarehe na kwa heshima si ugomvi, na anayekuja nyuma yake mwaka ujao atakuta njia imeshafunguliwa.

Baadhi ya watu wenye ulemavu wameshafika mbali katika njia hiyo. Abdallah Possi, mtu mwenye ualbino na mwanasheria, alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa naibu waziri mwaka 2015 na baadaye balozi nchini Ujerumani. Katika ukumbi wa mihadhara yeye ndiye aliyekuwa mbele, na ubao ulikuwa wake.

Turudi Itigi, kwenye lile benchi. Mganga ana wagonjwa wengi na dakika chache, na hakuna anayetarajia ajue kinachoendelea katika ukumbi wa mihadhara. Binti anaweza kuingia na karatasi yake mwenyewe, ameiandika jana yake kwa msaada wa mwalimu wake wa sekondari: naweza kusoma herufi za ukubwa huu, siwezi za ukubwa ule; ubao nauona kwa umbali wa hatua mbili; jua la saa sita linanifunga macho kwa dakika kadhaa baada ya kuingia ndani. Amwombe daktari apime na, akiridhika, aandike mistari hiyo chini ya neno ualbino, kabla hajashika mhuri.